Mirathi Huchukua Muda Gani? Mwongozo kwa Familia za Kabiro

Mazishi yamekwisha, hema limekunjwa na jamaa waliotoka mashambani wamerudi makwao. Katika ploti moja karibu na kituo cha 46, Kawangware, vyumba kumi vya mabati vina wapangaji, na mwisho wa mwezi unakaribia. Marehemu ndiye aliyekuwa akipokea kodi. Mjane anasema sasa ni jukumu lake. Kifungua mimba anasema ni lake. Shangazi anawanyamazisha wote: si vizuri kuzungumzia mali kabla ya mwaka kuisha.

Hali hii inajulikana na wakaazi wengi wa Kabiro, na swali linalofuata ni lile lile kila mara: je, ni baada ya muda gani mali ya marehemu itakuwa mali halali ya warithi wake?

Jibu fupi ni hili. Familia inayokubaliana na kuanza mapema inaweza kumaliza kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hivi. Muda ambao sheria yenyewe inalazimisha watu wangoje haufiki hata mwaka. Miaka kumi, ishirini au arubaini inayosikika mitaani mara nyingi hutokana na mambo ambayo familia ilifanya, au ambayo haikufanya.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua muda unakokwenda, na mahali ambapo familia inaweza kuuokoa.

Sheria inayotumika

Mirathi nchini Kenya inaongozwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hii inasema jambo moja ambalo wengi hulisahau: mtu akifariki, hakuna anayeruhusiwa kuuza, kugawa au kujichukulia mali yake mpaka mahakama impe mamlaka. Anayefanya hivyo anaitwa mwingiliaji wa mali ya marehemu. Hilo ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Isitoshe, anaweza kulazimishwa kurudisha alichochukua.

Kwa hiyo kuwa mjane, kuwa kifungua mimba au kushikilia hati miliki ndani ya sanduku hakumpi mtu uwezo wa kuuza. Uwezo huo unatoka mahakamani.

Hatua sita, na muda wa kila moja

*Hatua ya kwanza: cheti cha kifo.* Kifo kikitokea hospitalini, hospitali hutoa taarifa ya kifo. Kikitokea nyumbani, familia humwarifu naibu wa chifu. Baada ya kifo kusajiliwa, cheti huombwa kupitia eCitizen. Kifo kinapaswa kusajiliwa ndani ya miezi 6. Baada ya hapo kinahesabiwa kuwa kimesajiliwa kwa kuchelewa, na ushahidi zaidi huhitajika. Hapa ndipo familia nyingi hupoteza muda wa kwanza: kibali cha mazishi kinapatikana, mazishi yanafanyika, kisha hakuna anayefuatilia cheti.

*Hatua ya pili: barua ya chifu.* Barua hii inawataja walioachwa na marehemu: mke au wake, mume, na watoto wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa, wa ndani ya ndoa na wa nje. Kama marehemu hakuwa na mke, mume wala watoto, wazazi wake hutajwa. Barua haigawi mali. Kazi yake ni kuiambia mahakama ni nani hasa wanaohusika. Jina likiachwa nje kwa makusudi, kesi imeanza na ufa.

*Hatua ya tatu: kuorodhesha mali na madeni.* Kwa ardhi, familia hufanya uchunguzi kwenye sajili kuthibitisha jina la mwenye ploti. Sajili ya Nairobi sasa iko kwenye mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Hapa pia huandikwa akaunti za benki, magari, hisa na madeni ya marehemu, zikiwemo ada za ardhi anazodaiwa na Kaunti.

*Hatua ya nne: kupeleka ombi mahakamani.* Thamani ya mali ndiyo inayoamua mahakama gani. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza kesi ya mali isiyozidi shilingi milioni 20. Mahakimu wa ngazi za chini wana viwango vidogo zaidi. Mali inayozidi hapo hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo kitengo chake cha Familia kiko Milimani. Tangu Julai 2020, kesi za Nairobi hufunguliwa kwa njia ya mtandao. Anayeomba kuwa msimamizi lazima apate idhini ya maandishi kutoka kwa wenzake wenye haki sawa au kubwa kuliko yake. Kama mmoja wa warithi ni mtoto ambaye hajafika miaka 18, wasimamizi wawe wawili au zaidi, lakini wasizidi wanne.

*Hatua ya tano: tangazo na hati ya usimamizi.* Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote ana siku 30 za kupinga. Mdai, mke asiyejulikana, mtoto aliyefichwa, wote wana nafasi hapa. Siku hizo zikipita kimya, mahakama hutoa hati ya usimamizi wa mirathi. Hati hii inampa msimamizi uwezo wa kukusanya mali, kudai kodi kutoka kwa wapangaji, kulipa madeni na kuilinda mali. Lakini haimpi uwezo wa kugawa mali, na haimpi uwezo wa kuuza ardhi.

*Hatua ya sita: uthibitisho, kisha uhamishaji.* Miezi 6 baada ya hati kutolewa, msimamizi hurudi mahakamani kuomba ithibitishwe. Anakwenda na orodha ya warithi wote na pendekezo la mgao. Mahakama ikiridhika, inatoa cheti cha uthibitisho kinachoonyesha nani anapata nini. Cheti hicho ndicho kinachopelekwa kwenye ofisi ya ardhi ili hati miliki ibadilishwe, na ndicho ambacho benki huzingatia inapogawa pesa. Sheria inampa msimamizi miezi 6 mingine kukamilisha kazi hiyo.

Miezi hiyo 6 ya kungoja haikuwekwa ili kuwachosha watu. Ni nafasi ya wadai kujitokeza, madeni kulipwa na warithi wote kujulikana kabla mali haijatawanyika. Mahakama inaweza kuipunguza ikiwa sababu ni nzito.

Familia mbili, ploti mbili

Chukua mfano wa familia ya kwanza. Mzee anafariki Januari. Februari cheti cha kifo kiko mkononi. Machi wamekwenda kwa chifu pamoja, wamekubaliana kwamba mama na binti mkubwa watakuwa wasimamizi, na ndugu wote wametia sahihi. Aprili ombi linafunguliwa. Tangazo linatoka, siku 30 zinapita bila pingamizi, na kufikia Julai hati ya usimamizi imetolewa. Miezi 6 inaisha Januari. Machi hati inathibitishwa, na miezi michache baadaye ploti ina jina jipya. Ni takriban mwaka mmoja na nusu.

Sasa chukua mfano wa familia ya pili. Babu alifariki mwaka 1996 akiacha ploti na watoto watano. Hakuna aliyefungua kesi, kwa kuwa kila mtoto alijenga vyumba vyake na kukusanya kodi yake. Miaka ikapita. Watoto watatu nao wakafariki, wawili wakiwa na wake na watoto, mmoja akiwa na watoto wa mama wawili. Leo barabara inapanuliwa, au mnunuzi amekuja, au benki inataka dhamana, na ndipo inagunduliwa kwamba hati miliki bado ina jina la babu. Mirathi iliyokuwa moja sasa imekuwa minne. Waliopaswa kutia sahihi walikuwa watano, sasa ni wajukuu kumi na saba, wengine wako ng'ambo na wengine hawazungumzi.

Ploti ni zile zile na sheria ni ile ile. Tofauti ni kwamba familia moja ilianza ikiwa na shahidi wa kila jambo, na nyingine ilianza mashahidi wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Hali ya familia ya pili ndiyo ya kuangaliwa sana Kawangware. Sehemu kubwa ya ardhi hapa ni ya watu binafsi, ikiwa na hati za zamani za Dagoretti, na vyumba vya kupangisha vimejengwa juu ya mashamba yaliyokuwa ya wazee. Ploti iliyo katika jina la marehemu haiwezi kuuzwa kihalali, haiwezi kuwekwa dhamana, na ni rahisi kuwa windo la matapeli.

Kwa nini kesi nyingine hazimaliziki

Kesi maarufu zinaonyesha sababu mbili kubwa.

Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, alifariki mwaka 1981. Mwaka 2020, Mahakama Kuu ilikuwa bado inatoa uamuzi kuhusu mgao wa mali yake. Moja ya mambo yaliyobishaniwa kwa miaka hiyo yote ni nani waliokuwa wake zake halali. Swali ambalo marehemu mwenyewe angelijibu kwa karatasi moja likawatesa watoto na wajukuu kwa karibu miaka 40.

Kesi ya pili ni ya familia ya Rono kutoka Uasin Gishu. Baba alifariki mwaka 1988 bila wosia, akiacha nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa na wana wa kiume na mabinti. Ya pili ilikuwa na mabinti peke yao. Ubishi ulikuwa kama mabinti wapate sehemu sawa na ndugu zao wa kiume. Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi mwaka 2005, miaka 17 baadaye: binti hawezi kupunguziwa sehemu yake kwa sababu tu ni mwanamke, wala kwa kudhaniwa kwamba ataolewa.

Somo kwa Kabiro ni la moja kwa moja. Mgao unaowaacha mabinti nje hauokoi muda. Binti aliyeachwa anaweza kupinga ndani ya zile siku 30, na hata baada ya hati kutolewa anaweza kuomba ifutwe kwa kuwa ilipatikana kwa kuficha ukweli. Hapo kesi hurudi mwanzo.

Kuna sababu ya tatu isiyo na kelele: kusimama katikati. Msimamizi hupata hati ya usimamizi, huanza kukusanya kodi, na haendi tena mahakamani. Anadhani amemaliza. Sheria inataka aombe uthibitisho, na akikaa mwaka mzima bila kufanya hivyo, mrithi yeyote anaweza kuomba hati yake ifutwe. Msimamizi pia anawajibika kutoa hesabu ya kila shilingi aliyopokea. Yeye ni mtunzaji, si mmiliki.

Mjane na watoto

Marehemu asipoacha wosia, na akiwa ameacha mke au mume mmoja pamoja na watoto, aliyebaki anapata vyombo vya nyumbani kikamilifu, na ana haki ya kuishi katika mali iliyobaki na kuitumia maisha yake yote. Baadaye mali hiyo inakwenda kwa watoto kwa usawa. Kumfukuza mjane katika nyumba ya ndoa wakati kesi inangoja hakuna msingi wa kisheria.

Je, familia ile kodi wakati inangoja? Watoto wana karo, na paa linavuja. Kukiwa na dharura, mahakama inaweza kutoa hati ya muda yenye mipaka, ya kukusanya na kulinda mali tu, kabla ya hati kamili. Kwa ploti zenye wapangaji, hati hii huzuia ugomvi wa kila mwisho wa mwezi.

Kibera na ardhi isiyo na hati

Sehemu kubwa ya vyumba vya Kibera imejengwa juu ya ardhi ya serikali. Familia haiwezi kurithi hati miliki ambayo marehemu hakuwa nayo. Hata hivyo, jengo, bidhaa za duka, pesa za benki na akiba ni mali ya marehemu na zinafuata utaratibu wa mirathi. Ni muhimu orodha ieleze ukweli, yaani kinachorithiwa ni jengo bila ardhi, ili mrithi asije akajikuta ameuza asichokuwa nacho.

Jamii ya Wanubi ilipewa hati ya jamii ya ekari 288 za Kibera mwaka 2017. Hapo ardhi ni ya jamii, si ya mtu mmoja mmoja.

Kwa Waislamu, mgao unafuata sheria ya Kiislamu, na pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake, Mahakama ya Kadhi inaweza kuamua. Cheti cha kifo na orodha kamili ya mali vinahitajika huko pia.

Mali isiyongoja mahakama

Si kila kitu hupitia hatua zile sita. Mwanachama wa Sacco huandika jina la mtu wa kupokea akiba na hisa zake akifariki, na chama hulipa kwa jina hilo. Mifuko ya pensheni na bima za maisha nazo huwa na majina ya wanufaika. Pesa hizi zinaweza kuifikia familia mapema, wakati ambapo karo na chakula vinahitajika zaidi.

Tatizo ni kwamba fomu hizo hujazwa siku ya kujiunga na kusahaulika. Aliyejiunga akiwa kijana huenda aliandika jina la mama yake. Sasa ana mke na watoto, na mama alishafariki. Dakika chache za kubadilisha jina zinaweza kuipunguzia familia miezi mingi ya kusubiri.

Akiba isiyodaiwa na mtu kwa muda mrefu hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa. Warithi bado wanaweza kuidai huko wakiwa na stakabadhi.

Tahadhari kwa wanunuzi

Ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa. Anayenunua ploti Kawangware kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wazee na mwana mmoja wa marehemu, hata kama kuna mashahidi na picha, amenunua kesi. Kabla ya kutoa pesa, aulize mambo matatu: sajili inaonyesha jina la nani? Kama ni la marehemu, cheti cha uthibitisho kiko wapi? Na je, jina la anayeuza limo ndani yake?

Nafasi ya Kaunti na mahali pa kupata msaada

Serikali ya Kaunti haigawi mirathi, na afisa wa wadi hawezi kuamua mrithi ni nani. Lakini ardhi haiwezi kuhamishwa bila cheti cha Kaunti kinachoonyesha kwamba ada za ardhi zimelipwa. Ada hizo haziachi kuhesabiwa mwenye ploti akifariki, na riba huongezeka. Familia inashauriwa kuulizia deni mapema na kuliweka katika hesabu, badala ya kulikuta siku ya mwisho.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kutafuta msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA Kenya. Familia inaweza pia kumwomba Mdhamini wa Umma, aliye chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, asimamie mali, hasa mali ndogo au pale ambapo hakuna mtu anayeaminiwa na wote.

Kukiwa na ugomvi, kuna upatanisho chini ya mahakama, ulioanza kwa majaribio Milimani mwaka 2016. Mpatanishi hutakiwa kumaliza kazi yake kwa siku 60, na makubaliano yakifikiwa huwa na nguvu ya amri ya mahakama.

Mambo ya kufanya sasa

Kwa familia iliyofiwa:
- Ombeni cheti cha kifo mara tu kifo kinaposajiliwa.
- Nendeni kwa chifu pamoja, na msiache jina la mrithi yeyote.
- Chagueni wasimamizi kwa makubaliano, na muweke maandishi.
- Andikeni kodi yote inayopokelewa, tangu mwezi wa kwanza.
- Wekeni tarehe ya kurudi kuomba uthibitisho: miezi 6 baada ya hati.

Kwa aliye hai:
- Andika wosia na uutie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Wosia wa mdomo nao una nguvu, lakini lazima utamkwe mbele ya mashahidi wawili, na unafaa tu ikiwa aliyeutamka atafariki ndani ya miezi 3.
- Badilisha majina ya wanufaika kwenye Sacco, pensheni na bima.
- Mwambie mtu mmoja unayemwamini hati ziko wapi.

Wosia hauondoi safari ya mahakamani, lakini unaondoa maswali mengi yanayoirefusha.

Tukirudi kwa ile familia iliyo karibu na kituo cha 46, shangazi ana haki ya kutaka heshima kwa marehemu. Lakini kupeleka ombi mahakamani si kugawa mali. Ni kuilinda mpaka wakati wa kugawa ufike. Wakianza mwezi huu, matanga ya mwaka yakifika kesi itakuwa imekaribia kuthibitishwa. Wakingoja mwaka uishe, ndipo watakuwa wanatafuta cheti cha kifo.